Vigingi Vinne vya Kanja

Jumatatu, 1 Februari 1999

Notisi! Baada ya miaka kumi na minne! Mwenye nyumba ameibandika kwenye mlango wa choo, mahali ambapo kila mpangaji lazima aisome. Vyumba vyote sita vinageuzwa baa. Tuwe tumetoka kabla ya mwisho wa Aprili.

Nimekwenda kumkumbusha kwamba mimi ni mpangaji mtulivu. Akasema nimegombana na majirani mara tisa, na kila mara ameiandika kwenye daftari lake. Mtu anayeketi kuandika makosa ya wenzake! Nimemsikitikia.

Uchungu wenyewe ni huu. Tangu 1985 nauza misumari na mabati katika duka la hadwea la Muthamia hapa Embu mjini. Nusu ya mapaa ya wilaya hii yamepita mikononi mwangu. Mimi mwenyewe sina hata paa la kuku. Shamba la baba kule Tigania tuligawiwa, ndio. Sehemu yangu niliiuza 1988 nikaingia biashara ya miraa, ambayo sitaki kuizungumzia.

Lydiah alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akatoa kitabu chake cha Sacco ya walimu. Kumbe mke wangu ameweka akiba miaka sita, kimya kimya, kutoka kwa mshahara wa chaki! Nimeumia. Mtu angependa kuambiwa. (Ni kweli, mwaka wa 1992 niliambiwa, ndipo tukanunua wale sungura mia mbili, ndipo wakafa.)

Anasema yupo mjane huko Kanja, Mama Virginia, wanajuana kwa mikutano ya akina mama wa kanisa. Anauza nyumba na robo ekari. Tutakwenda Jumamosi.

Ombi langu moja tu kwa Mungu: Njue asijue. Njue ni kaka yake Lydiah. Ana nyumba ya mawe na geti la chuma lenye simba wawili, na hajawahi kunisalimia bila kuniuliza kodi ya mwezi huu ni ngapi.

Jumamosi, 6 Februari

Nimeiona. Nimeitaka. Nimejikaza nisionyeshe.

Ni nyumba ya mbao, iliyopakwa oili ya gari hadi ikawa nyeusi. Mabati hayavuji, niliyakagua kwa jicho la kitaalamu. Sakafu ya saruji nyekundu inang'aa kama kiatu cha askofu. Jikoni iko nje, ya udongo, ukutani masizi ya miaka zaidi ya thelathini. Mibuni, mparachichi mmoja mkubwa, bomba la maji la mradi. Ukisimama mlangoni asubuhi unauona mlima Kirinyaga wote na theluji yake, bila malipo.

Mama Virginia ana miaka sabini na minne, na miguu haimtii tena. Anataka kuhamia Mikinduri kwa binti yake Ednah, ambaye ameolewa huko. Mwanawe wa kiume, Kithaka, yuko Nairobi na hajafika nyumbani miaka mitatu. Ardhi iko kwa jina la mama mwenyewe. Safi kabisa.

Nilitegemea tuanze kubishana. Wapi! Yeye alikuwa akimwuliza Lydiah kama atapanda maua mbele au maharagwe, na kama watoto wetu wanapenda parachichi. Mwishowe akataja bei kama mtu anayetaja saa: elfu mia moja na themanini. Hapunguzi, haongezi. Lydiah akafungua mdomo kukubali! Nikamkanyaga chini ya meza.

Ulikuwa mguu wa Mama Virginia. Ule mbaya.

Njiani Lydiah alisema bei ni ya haki na tungeipata, kwa akiba na mkopo. Nikamwambia mwanamume hanunui nyumba kama anayenunua kiberiti. Akasema basi tungoje mwezi wa Machi, mkopo utoke. Na akaniomba, kwa upole, nisifanye chochote.

Nisifanye chochote! Kana kwamba mimi huwa nafanya vitu.

Jumatano, 10 Februari

Sijalala vizuri. Tukilipa bei yote hatutabaki na hata senti ya geti. Nimeshalichora: la chuma, futi kumi na mbili, simba watatu.

Leo dukani amekuja mtu wa idara ya barabara kununua rangi nyekundu. Nikamwuliza ya nini. Akasema ni ya kupaka vigingi vya kupimia. Wakishapiga kigingi chekundu shambani kwa mtu, akasema, huyo mtu hana usingizi tena.

Niliacha kupima misumari. Mteja alinipigia makofi usoni kuniamsha.

Wazo langu ni rahisi kama yalivyo mawazo yote makubwa. Vigingi vinne. Mama Virginia anaamka, anaona serikali imepita shambani mwake. Anaogopa. Nani atanunua nyumba inayopitiwa na barabara? Hakuna. Ila mtu mmoja mwenye huruma, anakuja na bei ndogo. Baadaye barabara haiji. Barabara ngapi zimepimwa nchi hii na hazikuja? Hakuna atakayeshangaa hata kidogo.

Hakuna anayeumia. Huyu mama anakwenda kwa binti yake. Pesa nyingi za nini kwa mtu wa miaka sabini na minne?

Jumapili, 14 Februari

Nimemwambia Lydiah tumbo linanisumbua. Alikwenda kanisani na watoto. Mimi nikapanda gari la Kanja na mfuko wa gunia.

Kijiji kitupu, wote wako ibadani. Nikapiga kigingi cha kwanza kwenye mibuni, cha pili karibu na bomba, cha tatu chini ya mparachichi, na cha nne, kwa ujasiri mkubwa, hatua mbili kutoka mlangoni. Nimeandika namba kwa brashi: 47/1, 47/2, 47/3, 47/4. Kigingi kisicho na namba hakiaminiki.

Nilijigonga kidole kwa nyundo na nilishindwa kupiga kelele kwa sababu ya siri. Rangi ilinimwagikia suruali. Nimeizika suruali.

Jioni Lydiah aliniuliza tumbo likoje. Nikamwambia limetulia. Akauliza na kidole je? Nikamwambia ni tumbo hilo hilo, limeshuka.

Alhamisi, 18 Februari

Nimekwenda Kanja baada ya kazi, na mkate na nusu kilo ya sukari, kumfariji mjane kama Maandiko yanavyoagiza. Nilimkuta ameketi mlangoni akikitazama kigingi cha nne. Amelia hadi macho yamevimba. Alisema nyumba hiyo aliijenga na marehemu mume wake mwaka wa uhuru, ubao kwa ubao, na sasa trekta itaipitia.

Nikapumua kwa huzuni. Nikasema mimi, kwa kumhurumia, niko tayari kuichukua hivyo hivyo. Elfu mia moja na kumi.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Siwezi kukuuzia kitu ambacho kesho kitabomolewa na watoto wako wamelala ndani. Mungu ataniuliza."

Nikamwambia niko tayari tuulizwe wote wawili.

Akanitazama sana. Akasema sijui ninachosema, ni kwa sababu nina moyo mzuri. Akanikatia kichane cha ndizi nipelekee watoto.

Nimezila njiani. Zilikuwa tamu. Inaudhi!

Sikuwaza kwamba angeweza kuwa mwaminifu. Hilo halikuwa kwenye mpango.

Jumatatu, 22 Februari

Barabara imefika mjini kabla ya kujengwa. Saa tatu asubuhi mteja mmoja alisema barabara ya lami inapita Kanja. Kufikia chakula cha mchana ilikuwa ya njia mbili. Saa kumi ilikuwa na daraja na ilikuwa inakwenda Ethiopia.

Lakini sikiliza ubaya wa watu! Hakuna hata mmoja aliyesema "masikini mjane." Wote wanasema jambo moja: fidia. Serikali ikichukua shamba inalipa, na hulipa mara tatu, na huhesabu kila mti. Bei za Kanja zimepanda tangu Ijumaa. Zimepanda! Kwa vigingi vyangu!

Halafu akaingia Njue kununua waya wa seng'enge. Akaniinamia kama mtu mwenye siri. Akasema ameshatoa arubuni ya kipande cha bonde huko Kanja, mawe matupu, lakini serikali hailipi kwa kutazama mawe. Akaniuliza kama nimesikia barabara inapita wapi hasa. Nilitaka kusema. Ningesemaje? Nikampimia waya.

"Pole, shemeji," akaniambia akitoka. "Wewe ungekuwa mtu wa kuchangamka ungekuwa umeshanunua huko."

Jumamosi, 27 Februari

Kithaka amerudi. Miaka mitatu hakujua njia. Habari ya fidia imemwonyesha. Amekuja na mke, na godoro, na redio, na miche ya migomba mia tatu kwenye pikapu ya kukodi. Ameipanda kila mahali kwa ajili ya kuhesabiwa. Ameipanda hadi njiani kuelekea chooni.

Amemwambia mama yake hakuna kinachouzwa hapa. Na kwa kuwa nyumba haitoshi, amemhamishia mama jikoni. Jikoni! Ile ya udongo yenye masizi.

Haya nimeyapata kwa Lydiah, ambaye alikwenda kumjulia hali leo. Alirudi akaketi kitandani na kiondo chake begani, hakukishusha. Alisema Mama Virginia analala kwenye gunia kando ya mafiga na anakohoa kama mtu anayepasua kuni. Alisema alipomsaidia kuinuka alihisi mifupa tu. Halafu akalia. Sijamwona Lydiah akilia tangu mama yake afariki.

Nilishindwa kula. Nilikula kidogo.

Ni huyu Kithaka wa kulaumiwa. Mimi nilipiga vigingi tu. Sikumwambia mtu yeyote amlaze mama yake jikoni.

Alhamisi, 4 Machi

Nimeamua kung'oa vigingi. Bila vigingi hakuna barabara, bila barabara Kithaka anarudi Nairobi, bila Kithaka nyumba inauzwa. Hata mtoto angeelewa.

Nikaomba ruhusa mapema, nikafika Kanja saa tisa. Kithaka amevizungushia vigingi vyangu uzio! Kila kimoja na waya wake wa seng'enge, na mbwa katikati. Nilikuwa nimeshika cha pili kwa mikono miwili aliponitokea nyuma na panga la kufyekea.

Nikasema nilikuwa naangalia kama kimekaza.

Ajabu ya Mungu, alifurahi. Alifikiri natoka idara ya barabara. Alinipa chai ya maziwa na nduma. Aliponiona na futi ya kupimia (siachi futi yangu, ni chombo cha kazi) akaniomba nimsaidie kuandika orodha ya mali yake kwa ajili ya fidia, kwa kuwa mwandiko wake ni mbaya. Ningefanyaje na panga liko mezani? Nimehesabu migomba 297. Mibuni 77. Nyumba moja. Jikoni moja.

Nikamwuliza kuhusu mama aliyemo jikoni. Akasema mama halipwi.

Alicheka. Nami nikacheka, kwa sababu ya panga. Kutoka kule jikoni nikasikia kikohozi, kisha sauti ikiuliza, "Ni nani huyo, Kithaka? Ni yule baba wa huruma?"

Nimerudi kwa miguu hadi njia panda. Sikutaka kukaa karibu na mtu yeyote.

Jumamosi, 13 Machi

Imekwisha. Nimekamatwa, na sikukamatwa na polisi wala na chifu. Nimekamatwa na tarakimu.

Lydiah alikwenda tena Kanja kumpelekea Mama Virginia dawa ya kifua. Kithaka, kwa kujidai, akamwonyesha ile orodha ya fidia iliyoandikwa "na mtu wa serikali." Mke wangu amesahihisha daftari za hesabu miaka kumi na saba. Akatazama karatasi. Akatoka nje akatazama kigingi. Akarudi kwenye karatasi.

Aliporudi nyumbani hakuvua viatu. Alituma watoto dukani. Akaweka mbele yangu kipande cha karatasi ambacho juu yake alikuwa ameandika namba moja tu: saba, yenye mkia uliopinda kushoto na kakistari katikati.

"Hii saba ni ya nani?" akauliza.

Nikasema saba ni ya kila mtu.

"Baba Ntinyari, watoto mia tano wamepita darasani kwangu. Hakuna hata mmoja anayeandika saba kama ng'ombe aliyevunjika mgongo. Ni wewe peke yako."

Nilijaribu kueleza. Nilimweleza geti. Nilimweleza simba watatu. Nilipofika kwa simba nikaona hanisikilizi. Alikuwa anatazama ukuta.

Akasema Jumanne kuna baraza huko Kanja. Nitakwenda, nitasimama, nitasema. Nikapendekeza barua isiyo na jina. Akasema barua itataja vigingi, na kila kigingi kina saba. Nikapendekeza nivitaje bila namba. Akasema nisiposema mimi atasema yeye, na akishasema hatarudi kwenye chumba hiki.

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

Jumanne, 16 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una malengelenge. Nitaeleza.

Watu zaidi ya mia mbili uwanjani. Njue alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti. Mama Virginia alibebwa kwa kiti. Naibu wa chifu alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu barabara, Lydiah alinigusa mgongo kwa kidole kimoja.

Nilianza vizuri. Nilisema kuna mtu fulani, mwenye nia njema, ambaye huenda kwa kukosa habari kamili alipiga vigingi fulani. Naibu wa chifu akauliza mtu huyo yuko wapi. Nikasema hayuko mbali. Akauliza mbali kiasi gani. Nikasema yuko ndani ya suruali hii.

Kelele! Kithaka alinirukia, wakamshika watu watatu. Mmoja akauliza ni nani atamlipa gharama ya migomba yake. Mzee mmoja akasema yeye amejenga vyoo vinne ili vihesabiwe. Midomo ya Njue ilikuwa inahesabu. Arubuni ya bonde la mawe hairudi. Hicho ndicho kitu kizuri pekee nilichokiona siku nzima.

Halafu Mama Virginia akainua fimbo, wote wakanyamaza.

"Nyumba yangu ulikuwa unaitaka?" akaniuliza.

"Ndiyo, cucu," nikajibu, kama mjukuu kwa bibi yake.

"Pesa zilikuwa hazitoshi?"

Nikasema zilitosha, ila kwa kubana.

"Si ungeniambia, mwanangu? Ningekupunguzia. Nilikuwa nangoja tu uniambie. Kila mtu huniambia, nami humpunguzia." Akakohoa kwa muda mrefu. "Hata ile siku uliyonikanyaga, nilifikiri, huyu ana haya ya kuomba, nitampunguzia."

Hakunitukana. Angenitukana ningemjibu, nilikuwa nimeandaa majibu mengi.

Naibu wa chifu aliamuru ning'oe vigingi vyote mbele ya watu, niombe msamaha, kisha nichimbe shimo la choo cha shule ya msingi, futi ishirini. Leo nimefika futi nne.

Ijumaa, 26 Machi

Futi ishirini! Udongo wa Kanja ni mwepesi juu na chini ni mwamba. Watoto wa shule huja wakati wa mapumziko kunichungulia. Mmoja aliniuliza kama ndimi Barabara. Ndilo jina langu huko sasa. "Barabara, shikamoo."

Kithaka amerudi Nairobi na godoro lake. Migomba aliikata kwa hasira. Mama Virginia amerudi kitandani kwake, lakini kikohozi hakijarudi kilikotoka. Lydiah anakwenda kila Jumamosi. Mimi siitwi.

Leo jioni aliniambia, akiwa anachambua maharagwe, kwamba wamekubaliana. Mama Virginia amepunguza bei mwenyewe hadi elfu mia moja na hamsini bila kuombwa. Niliruka! Nikasema unaona, mwishowe bei imeshuka! Lydiah akaniambia nimalize kusikia. Kuna sharti moja. Jina langu lisiwe kwenye karatasi yoyote.

Nikauliza yoyote, au taito ya shamba tu?

"Yoyote," akasema. "Amesema hata risiti."

Jumanne, 13 Aprili

Bodi ya ardhi. Nilivaa tai.

Wazee wa bodi walimwuliza Mama Virginia kama anauza kwa hiari yake. Akasema ndiyo. Wakamwuliza Lydiah kama ana pesa. Akasema ndiyo. Mwenyekiti akauliza kama mnunuzi ana mume. Nikasimama haraka sana, kiti kikaanguka. Mwenyekiti akauliza mume anahusika vipi na ununuzi huu. Mama Virginia akajibu kabla yangu: mume hahusiki, amewasindikiza. Lakini kusimama hakukatazwi, akasema, kwa hiyo niachwe nisimame.

Nikasimama hadi mwisho. Kikao kilichukua dakika sita.

Nilipewa faili nilibebe hadi kwa wakili. Nimelifungua njiani. "Lydiah" mara kumi na tatu. Nilitafuta hata "na familia." Hakuna.

Ijumaa, 30 Aprili

Tumehama. Miaka kumi na minne imeingia kwenye lori dogo, na ikabaki nafasi.

Ednah alikuja na gari kutoka Mikinduri kumchukua mama yake. Mama Virginia alizunguka nyumba polepole na fimbo, chumba kwa chumba, akigusa mbao. Kwenye mlango wa nyuma kuna alama za kisu, urefu wa watoto wake walipokuwa wadogo. Aligusa ya Kithaka akaishika kwa muda. Alimwomba Lydiah asiipake rangi. Lydiah akasema hataipaka.

Kutoka mlangoni hadi barabarani ni mteremko, na miguu ilikataa. Ednah peke yake asingeweza. Wote wakanitazama mimi. Nikachuchumaa, nikambeba mgongoni. Mwepesi! Nimebeba mifuko ya misumari mizito kuliko yeye. Kikohozi chake kilinipiga shingoni.

"Usinishushe ghafla," akaniambia sikioni. "Nakujua kwa kushusha."

Nilicheka, kisha sikuweza kucheka. Nilimweka kwenye kiti polepole kama yai. Nilikusudia kusema kitu. Nilikuwa nacho, nilikuwa nimekifikiria tangu futi ya kumi na mbili ya lile shimo. Lakini Ednah akafunga mlango. Kioo kilikuwa kimepandishwa, mama akiogopa upepo. Nikasema "cucu" kwa kioo. Gari likaondoka.

Ufunguo aliuacha kwa Lydiah. Mmoja tu. Nimeomba nakala, nimeambiwa tutaona.

Jumapili, 9 Mei

Watu wa kanisa walikuja kuiombea nyumba. Mchungaji alimshukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu, kwa ajili ya bidii ya Mwalimu, na kwa ajili ya wote walio chini ya paa la Mwalimu. Hapo nadhani ndipo mimi nilipokuwa. Njue hakuja, ametuma mbuzi mdogo sana. Binti yetu Ntinyari amepata chumba chake mwenyewe na amenionyesha jinsi mlango unavyofungwa kwa ndani.

Lydiah alicheka na wenzake jikoni mpya hadi nikasikia nje. Nilifurahi kumsikia. Nilijiambia, Thuranira, tulia sasa. Umepata fundisho. Umechimba futi ishirini. Una paa. Kuwa mtu wa kawaida.

Nilikuwa nimetulia hivyo, kwa muda wa kama nusu saa, nimeegemea ua wa chini, mzee mmoja aliponisalimia kutoka upande wa pili. Anaitwa Gitari. Mpole sana. Alilazwa hospitali tangu Januari na ametoka juzi tu, kwa hiyo hajasikia habari yoyote ya hapa kijijini. Hajasikia lolote kabisa! Mkewe alifariki, watoto wako mbali, ana ekari mbili nzuri mno hadi kwenye mto. Anafikiria kuuza moja, lakini anaogopa wajanja. Akaniuliza kama mimi, mume wa Mwalimu, ni mtu anayejua mambo ya mashamba, na kama ningeweza kumpa ushauri wa kweli.

Nikamwambia amekuja mahali panapofaa.

Nikapitisha mkono kwenye ua, nikachota udongo wake kiganjani. Mweusi, laini, ukipanda hata kidole kinaota. Nikaunusa. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikamwuliza ni tangu lini udongo huu umeanza kunuka hivi.